Kiwanja bila karatasi hakiombewi pesa



Nilipomaliza lisansi yangu ya agronomia, shefu wa kartiye yetu alituma mtoto kuniita. "Mwanangu, wewe umesoma. Utuandikie dosiye tupate pesa ya kutengeneza kiwanja chetu." Kile kiwanja njo nilichezea utotoni: vumbi kiangazi, matope wakati wa mvua, miembe miwili pembeni. Nikaandika kurasa kumi na mbili. Nikaeleza miti ya kivuli, na mfereji upite wapi juu maji yasilale katikati. Wafadhili wakajibu kwa swali moja tu: ardhi ni ya nani, na karatasi yake iko wapi?

Karatasi haikuwako. Komine, ambayo sitaitaja, ilikuwa inasema kiwanja ni cha wote. Mwaka uliofuata tukakuta mawe ya mpaka yamepandwa. Leo pale kuna nyumba tatu na depo ya simenti. Kumbe kitu cha wote, mbele ya karatasi, kilikuwa hakina mwenyewe.

Toka siku ile nilitaka kujua: pengine, miji midogo inapataje pesa ya bustani na viwanja? Mfano niliouelewa vizuri ni wa Marekani.

Kule kuna Mfuko wa Kuhifadhi Ardhi na Maji, kwa kifupi LWCF, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1964. Pesa yake kubwa haitoki kwenye kodi za raia. Inatoka kwa makampuni yanayochimba petroli na gesi baharini na kulipa Serikali. Wazo ni hili: utajiri unaochimbwa na kuisha, sehemu yake igeuke kuwa ardhi ambayo wananchi watabaki nayo. Sheria ya mwaka 2020 iliupa mfuko dola milioni 900 kila mwaka. Sehemu inabaki kwa Serikali kuu, sehemu inagawiwa majimbo, na majimbo yanasaidia miji.

Sasa mji unaombaje? Kwanza, kila jimbo liko na mpango wa mapumziko na michezo ya nje, unaorudiliwa kila miaka mitano. Ombi lazima liendane na mpango huo, na wakaaji wapewe nafasi ya kusema.

Pili, mji hauandikii Washington moja kwa moja. Unapeleka dosiye kwenye ofisi ya jimbo. Jimbo linachagua, halafu idara ya mbuga za taifa inakubali. Ndani ya dosiye kuna ramani yenye mipaka, uchunguzi wa mazingira, na kama ni kununua ardhi, bei iliyokadiriwa na mtaalamu.

Tatu, mfuko kwa kawaida unalipa hadi nusu. Nusu ingine mji unaitafuta wenyewe. Ardhi iliyotolewa bure na mtu inaweza kuhesabiwa humo. Tena mara nyingi mji unatumia pesa yake kwanza, njo unarudishiwa.

Nne, na hapa njo nilisimama nikasoma mara mbili: ardhi iliyopata pesa hii inabaki ya mapumziko ya watu wote milele. Mere akitaka kujenga soko pale, lazima Serikali kuu ikubali, na aweke ardhi ingine yenye bei isiyopungua ile na faida inayolingana. Kwa hiyo ruzuku ile si zawadi. Ni mkataba juu ya udongo.

Turudi kwetu. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Mtu anapata haki ya kuutumia, na certificat d'enregistrement njo inamkinga. Upande wa pesa, kodi ya mgodi iko. Kodi Minier ya 2018 inagawa redevance hivi: 50% Serikali kuu, 25% jimbo, 15% komine, sekta au shefferi yenye mgodi, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Wazo linafanana na la kule: kinachochimbwa kirudie watu. Tunachokosa ni nguvu ya lile sharti la nne. Na komine isiyo na mgodi itaenda kwa wafadhili, ikutane na swali lile lile lililonishinda mimi.

Kwa hiyo kazi inaanza mbele ya pesa, na ni kazi yetu sisi wasomi tunaolalamika kukosa kazi. Mwenye agronomia apime mipaka, aangalie mteremko na maji. Mwenye sheria aandike kwa burgumestre na kwa konservatere wa ardhi, akidai kiwanja kiandikwe. Mwenye uchumi ahesabu mchango wa kartiye: mawe, miche, siku za salongo. Hiyo njo nusu yetu.

Kwetu kumebaki kiwanja kimoja, nyuma ya shule. Jumamosi iliyopita tulikizunguka watu wanne na GPS ya simu, tukachora ramani. Shefu alitia sahihi, barua iko komine, na kopi yenye muhuri wa kupokelewa iko kwangu. Pesa bado hatujaomba.

Na kiwanja cha kwenu, karatasi yake iko wapi?