Mshipi Mrefu Hauzamishi Chambo

"Nitoe pima ngapi?" Swali hili nimeulizwa Kilwa Masoko, nikaulizwa Somanga, nikaulizwa Songo Songo, na kila mara na mtu ambaye amekwisha jaza mafuta na barafu, mguu mmoja umo chomboni. Amenunua chambo cha bandia, samaki wa plastiki wa shibiri nzima mwenye ulimi wa bapa chini ya mdomo, anataka kurambaza nguru kwenye kingo za miamba, na jibu analolitaka ni namba moja tu. Nikimuuliza, "Utakwenda kwa mwendo gani?" anaona nimemkwepa. Sikumkwepa. Asiyejua mwendo wa chombo chake ndani ya maji, hakuna mtu anayeweza kumwambia chambo chake kiko wapi, hata akitoa mshipi kutoka gati la Masoko mpaka Kilwa Kisiwani.

Imani iliyozaa swali hilo inajulikana. Mshipi wa pima 30 unapeleka chambo pima 30, au jirani na hapo. Ukitaka kushuka zaidi, ongeza mshipi. Usiposhuka, ongeza risasi. Najua ilikotoka: ni hesabu halali ya uvuvi wa kutia nanga. Anayevua changu na chewa chombo kikiwa kimetulia, chubwi inaning'inia wima na pima moja ya mshipi ni pima moja ya kina. Ukiwasha mota na kuanza kurambaza, hesabu hiyo imekufa, lakini watu wanaendelea kuibeba chomboni kama vile bahari haijui kwamba wameng'oa nanga.

Tuipige hesabu, maana maneno matupu hayajawahi kumshawishi nahodha yeyote. Chukua mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 1.5, ule mnene ambao mtu anauvuta kwa mkono bila kumkata. Funga chubwi ya risasi ya kilo 1, na nyuma yake chambo. Chombo kinakwenda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa. Ukitoa pima 30, chambo hakifiki pima 30, wala 20, wala 10. Kinakaa kwenye pima 4 hivi, kama mita 7. Sasa toa pima 60. Umefika pima 5, na kwa shida. Pima 30 nzima ulizoongeza zimekupa pima 1. Hayo ni makadirio ya karatasi. Mawimbi na umbo la chambo vitayasogeza juu au chini kidogo, lakini picha yenyewe haibadiliki.

Mkosaji si chambo, ni mshipi wenyewe. Pima 30 za nailoni ya milimita 1.5 zikisimama wima zinayapa maji uso unaozidi sentimita za mraba 800. Chubwi ya kilo 1 haifiki hata sentimita 25. Kwa hiyo kinachopigana na maji ni huo uzi unaoudharau, nao unashindwa: karibu na chubwi unashuka vizuri, halafu unaanza kupinda, na kadiri unavyokaribia chombo unalala mpaka unakuwa karibu sambamba na uso wa bahari. Kila pima unayoongeza inakwenda kuongeza sehemu iliyolala. Mtoto anayerusha tiara ufukweni analijua hili: ukiendelea kutoa uzi tiara inakwenda mbali, haipandi tena, maana upepo umeukamata uzi. Mshipi wa kurambaza ni tiara hiyo hiyo iliyoelekezwa chini.

"Basi niongeze risasi." Jibu hili huja haraka sana, na mara nyingi risasi yenyewe imekwisha nunuliwa. Haya, weka kilo 2 badala ya 1, mwendo ule ule, mshipi ule ule wa pima 30. Kutoka pima 4 utashuka kwenye pima 5 na nusu. Umebeba uzito mara mbili, mkono utauma mara mbili, na nguru akishika ataitikisa chubwi hiyo mpaka ndoana imtoke mdomoni, kwa faida ya pima moja na nusu. Sasa irudishe kilo 1 na upunguze mwendo nusu, noti 2 na nusu. Chambo kinashuka mpaka karibu pima 9. Hukununua kitu, na mafuta umeyaokoa. Sababu ni kwamba ukinzani wa maji haupandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Mwendo ukipungua nusu, ukinzani unabaki robo. Risasi, ukikimbia au ukitambaa, uzito wake ni ule ule. Ndiyo maana mwenye mota kubwa ndiye anayelalamika zaidi kwamba chambo hakizami.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo inayosahauliwa: punguza unene. Uzi wa kusuka wa milimita 0.5, kwa noti 5 zile zile na kilo 1 ile ile, unapeleka chambo karibu pima 7. Tatizo ni kwamba uzi huo haushikwi kwa mkono. Utakata nyama mpaka mfupani. Unataka fimbo na mashine ya kukunjia, na hapo mazungumzo huwa yanaishia kwenye bei.

Wapo walioelewa haya, wakakimbilia kosa la upande wa pili. Wanasema chambo chenye ulimi kinachimba chenyewe, kwa hiyo ukikaza mota kinachimba zaidi. Nusu ya kwanza ni kweli. Ulimi ule umeinama, na maji yanayoupiga yanausukuma chini. Ila nguvu inayosukuma ulimi chini na ukinzani unaovuta mshipi juu zote zinakua pamoja, kwa kanuni ile ile ya mara nne. Ukiongeza mwendo, zote mbili zinaongezeka na uwiano wake unabaki pale pale. Kwenye mwendo wa kawaida, chambo cha ulimi kinakaa kina kile kile, noti 3 au noti 5. Kinachoamua kina chake ni ukubwa wa ulimi, unene wa mshipi, na urefu wa mshipi mpaka kikomo fulani. Ukipita mwendo kilichotengenezewa, kinapinduka, kinazunguka kama pangaboi na kupanda juu, na mshipi wako unasokotana wote. Wanaorambaza muskie, samaki mrefu wa maziwa ya maji baridi ya Marekani na Kanada, kwa vyambo vikubwa vya namna hii, mashine zao zina kihesabio cha mshipi, na wanatumia majedwali yanayosema chambo fulani, kwa uzi wa unene fulani, kikitolewa urefu fulani, kinakwenda kina fulani. Ukiyatazama utaona baada ya urefu fulani namba za kina zinaanza kugoma.

Sitapoteza nafasi kubwa kwa yale mafuta yanayouzwa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, "dawa ya nguru", ya kupaka kwenye plastiki. Nguru anawinda kwa macho. Chambo kinachokwenda noti 6 kinapita mita 3 kila sekunde. Hana muda wa kunusa, na mafuta yenyewe yamekwisha oshwa kabla hujamaliza kutoa mshipi.

Tena, nani kasema nguru yuko chini kabisa? Nadhani tangu yule samaki wa kale, silakanti, alipotolewa kwenye bahari ya Kilwa mwaka 2003, watu wengi wameamini kila kizuri kiko kwenye giza. Silakanti ni wa huko. Nguru ni mtu wa juu na wa kati: anafuata vibua na dagaa, na vibua na dagaa wanapandishwa na maji yanayogonga ukingo wa mwamba. Alfajiri na jioni anaweza kuwa pima 2 chini ya uso. Jua likipanda anateremka kiasi. Na hushambulia kwa kupanda. Akiwa chini anakiona chambo dhidi ya mwanga wa juu, kivuli cheusi kinachotikisika. Chambo kikipita chini yake hakioni vizuri. Kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kuwa juu. Pima 4 unazozidharau asubuhi zinatosha kabisa, na mwenye ngalawa anayerambaza kwa tanga bila risasi yoyote anakuthibitishia hilo kila akirudi pwani na nguru.

Sasa mwendo, maana hapa ndipo simu inapowadanganya watu. Programu ya ramani kwenye simu inakupa mwendo juu ya ardhi. Chambo hakijui ardhi, kinajua maji. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unapita nje ya Kilwa na Lindi kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unakaza, wakati wa kaskazi unalegea. Chukua siku ambayo mkondo una noti 2. Unashuka kuelekea Lindi, simu inasoma noti 5: chambo chako kiko kwenye noti 7. Unageuza kuelekea Mafia, simu inasoma noti 5 tena: chambo kiko kwenye noti 3. Namba moja kwenye kioo, bahari mbili tofauti kabisa chini yake. Halafu jioni unasikia kwamba nguru "wanakula ukielekea kaskazini tu", na mtu anaanza kutafuta sababu kwenye mwezi. Ndani ya miamba na kwenye milango ya visiwa hali ni ngumu zaidi, kwa sababu pale kinachotawala ni maji kujaa na kupwa, na siku za bamvua mkondo unageuka na kukaza kwa saa chache tu.

Dawa ya hili haina gharama. Funga kibao kinachoelea kwenye kamba nyepesi ya mita 20. Kiachie nyuma ya chombo, kamba ikitoka bila kuvutwa, na uhesabu sekunde mpaka ikaze. Gawanya 40 kwa sekunde hizo: sekunde 10 ni noti 4, sekunde 8 ni noti 5, sekunde 6 na nusu ni noti 6. Huo ndio mwendo wa chambo. Rudia kila unapogeuza.

Na kina chako halisi kipime badala ya kukibahatisha. Tafuta mchanga mtupu unaopanda polepole, maji yakiwa yametulia, rambaza kutoka kwenye kina kuelekea ufukweni mpaka uhisi chambo kinagonga chini. Simamisha chombo, rudi nyuma kwa urefu wa mshipi, teremsha bildi. Namba hiyo iandike kwa kalamu juu ya chambo chenyewe, pamoja na pima ulizotoa. Usifanye hivyo kwenye matumbawe: utapoteza chambo na utavunja mwamba.

Yaliyobaki ni mafupi. Chambo cha bandia chenye ulimi, noti 4 mpaka 6. Chambo cha nyuzi au manyoya kinachokimbia juu, noti 6 mpaka 8, hapo utapata na jodari. Kibua mzima aliyekufa, aliyeshonwa vizuri asizunguke, noti 2 mpaka 4. Kibua hai, taratibu kabisa, mota ikinguruma tu. Ukitaka kweli kushuka pima 10 bila kupunguza mwendo, acha kuongeza risasi kwenye mshipi: tumia kibao cha kuzamisha, kile kilichoinamishwa na kutiwa uzito mbele, ambacho kinafyatuka na kupanda samaki akishika; au, kwa mwenye fedha, tufe la kilo 4 au 5 kwenye waya mwembamba wa chuma, na mshipi wa kuvulia umebanwa kwa kibanio kinachoachia. Mishipi miwili, basi, mmoja mfupi na mmoja mrefu, yenye kina tofauti. Minne kwenye boti ndogo ni fundo linalosubiri kona. Kona zako ziwe pana. Kwenye kona, kwa mishipi yenye risasi, wa ndani unapunguza mwendo na kuzama, wa nje unaongeza na kupanda; ukipata samaki konani tazama ni mshipi upi, umekwisha pewa jibu la kina. Waya mfupi wa chuma kabla ya chambo ni lazima, meno ya nguru hayajadili na nailoni. Maji yakiwa ya tope, ondoka, tafuta mstari ambapo yanaanza kuwa safi na urambaze sambamba nao.

Na mshipi usiuzungushe mkononi, hata mara moja, hata kwa kuwasha sigara. Ufunge kwenye mtalimbo au kwenye mpira uliokazwa ubavuni mwa chombo. Nguru wa kilo 20 akishika chombo kikiwa noti 6, cha kwanza kukatika ni kidole.