Darasa au Uwanja: Kijana wa Ngara Achague Nini?

Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha nne kutangazwa, wapo vijana wa Ngara na Biharamulo wanaojikuta na miito miwili. Mmoja wawaita kidato cha tano au chuoni. Wa pili, ambao mara nyingi ni maneno matupu ya mtu aliyewaona wakicheza UMISSETA, wawaita kwenye soka la kulipwa. Wazazi wengi hulimaliza shauri hilo kwa kusema kuwa mpira ni uhuni. Hatukubaliani nao. Mbwana Samatta, aliyetoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, kisha akacheza Ubelgiji na Uingereza, hakuwa mhuni. Miguu nayo haingoji mtu amalize shahada.

Lakini Samatta ni mmoja. Timu ambayo kijana wa mkoa huu huitazama kwanza ni Kagera Sugar, nayo ilishuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Timu ikishuka, wa kwanza kuonja uchungu ni mchezaji. Shuleni, kwa upande wake, ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kwa hiyo hoja ya kwamba mtoto acheze kwa kuwa nyumbani hakuna ada imepungua nguvu, ingawa nauli, godoro na sare bado vyamngoja mzazi.

Wala si lazima kimoja kikiue kingine. Suleiman Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso alipopata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980. Hasheem Thabeet alicheza mpira wa kikapu miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya Memphis Grizzlies kumchagua wa pili mwaka 2009. Njia hiyo, hata hivyo, haifunguki kwa asiyemaliza sekondari.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mpaka. Kutoka Ngara, Rusumo na Kabanga ni jirani, na dalali wa wachezaji hahitaji zaidi ya nauli ya basi. Kanuni za FIFA zakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo yawahusu watu wa mpakani: nyumba na klabu ziwe kila moja ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, umbali kati yake usizidi kilomita 100, kijana aendelee kulala kwao, na vyama vya soka vya nchi zote mbili viafiki. Vilabu vya Kigali na Bujumbura haviingii katika kipimo hicho. Anayemwahidi mtoto wa miaka 16 nafasi huko, ama hajui kanuni au anazijua vizuri mno.

Hata ndani ya nchi, mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Basi mzazi na auone mkataba wenyewe, ausome, aulize mshahara ni kiasi gani, nani atamtibu mtoto akivunjika mguu, na kama ataruhusiwa kusoma. Akijibiwa kwamba hayo yataandikwa wakishafika, kijana na abaki nyumbani, afunge sanduku lake la kidato cha tano, angoje Julai.