Waya wa Umeme Ukianguka, Kwa Nini Waokoaji Husubiri?

Nguzo imelala, waya umetua barabarani na mtu amenaswa. Gari la Zimamoto linafika, lakini askari hawamkimbilii. Wanasimama mbali, wanafunga njia na kuwarudisha watu nyuma. Hapo lawama huanza: mbona wanamwangalia tu? Wananchi wana haki ya kujua jibu, kwa sababu kutolijua kunaua.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Nyaya zinazopeleka umeme kwenye transfoma za mitaani hubeba msongo wa kilovolti 11 au 33, yaani volti 11,000 au 33,000. Katika msongo huo buti na glavu za kuzimia moto si kinga, na mti mkavu tunaouamini sana huweza kupitisha umeme. Kwa msongo huo umeme huweza hata kumrukia mtu aliyesogea karibu bila kuugusa waya.

Hatari nyingine iko ardhini. Waya ulioanguka husambaza umeme kwenye udongo, na msongo hupungua kadiri unavyokwenda mbali na waya. Mtu anapopiga hatua, mguu mmoja hukanyaga penye msongo mkubwa kuliko mwingine, na tofauti hiyo husukuma umeme upande mguu mmoja na kushukia mwingine. Ng'ombe huathirika zaidi kuliko binadamu kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na katikati yake upo moyo. Ndiyo maana waokoaji hukaa angalau mita 10 kutoka kwenye waya wa mtaani, na mbali zaidi kwa njia kuu za msongo mkubwa au ardhi ikiwa imelowa.

Waya usiotoa cheche nao usikudanganye. Njia nyingi za umeme zina mitambo inayojaribu kurudisha umeme yenyewe sekunde chache baada ya hitilafu. Jenereta ya jirani iliyofungwa vibaya nayo huweza kurudisha umeme kwenye laini iliyokwisha kuzimwa. Kwa hiyo mafundi wa umeme hawaishii kuzima. Hufunga swichi kwa kufuli ili mwingine asiiwashe, hupima kwa kifaa maalumu kama umeme umeisha kweli, kisha huunganisha nyaya zote na ardhi. Wao ndio wanaotamka kwamba laini ni salama, na kabla ya kauli hiyo Zimamoto hawausogelei waya.

Waya ukiangukia gari, abiria abaki ndani bila kugusa bodi na awazuie watu wasisogee. Bodi ya chuma hupitisha umeme nje yake kwenda ardhini. Anayekufa mara nyingi ni yule anayeshuka, mguu mmoja chini na mkono ungali mlangoni. Gari likishika moto, aruke bila kuligusa, atue kwa miguu iliyobanana, kisha aondoke kwa kuburuza nyayo bila kuzitenganisha.

Umeme ukishathibitishwa kuzimwa, majeruhi hana umeme mwilini na anaweza kuguswa. Akiwa hapumui, akandamizwe kifua kwa nguvu katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada wa kitabibu ufike. Anayeonekana mzima naye apelekwe hospitali: umeme huunguza misuli ndani huku ngozi ikiwa na alama ndogo tu, na huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwa Tanzania, piga 114 kwa Zimamoto na 180 kwa shirika la umeme, TANESCO, na utaje namba iliyoandikwa kwenye nguzo iliyo karibu, mradi unaisoma ukiwa mbali na waya. Taarifa hiyo husaidia mafundi kujua laini ya kuzima. Simu hiyo, pamoja na kuwazuia wengine wasisogee, ni msaada mkubwa kuliko ujasiri wa kumkimbilia majeruhi, kwani kila anayemkimbilia kabla umeme haujazimwa huweza kuwaongezea waokoaji mtu wa pili wa kuokoa.