Shamba la Ituru na Shamba la Kwetu Ipole

Kila aliyepata kusoma hapa Tabora amekwisha kupelekwa Kwihara kulitazama tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872. Nami nilipelekwa. Tulielezwa habari za pembe za ndovu, za misafara na za watumwa waliopelekwa pwani. Lakini mwenzetu mmoja, ambaye siku zote hufikiri habari za tumbo, aliuliza, “Je, watu wote hao walikula nini?” Tulicheka sana. Baadaye niliona kwamba swali lake lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, maana pembe hailiwi.

Basi nataka kueleza kwa ufupi habari za ukoo mmoja uliokuwa na shamba karibu na Tabora, na jinsi habari hizo zilivyonirudisha nyumbani kwetu Ipole.

Ukoo huo ni wa El Murjebi, ambao asili yake ni Oman. Mtu mmoja katika ukoo huo anajulikana dunia nzima, naye ni Hamed bin Muhammad bin Juma, aliyeitwa Tippu Tip. Yeye alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, nazo zilipigwa chapa na Mjerumani aitwaye Heinrich Brode. Lakini nitakayemweleza mimi si Tippu Tip, ila baba yake, Muhammad bin Juma. Huyu hakutaka kwenda na kurudi kama wafanya biashara wengine. Alikaa Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, akawa na shamba mahali paitwapo Ituru. Kwa ndoa ile akawa mtu mwenye nguvu kama mtemi. Mwanawe alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi alimfuata Tabora, na huko ndiko alikoanzia safari zake kubwa za bara.

Ndoa ile ilimwingiza Muhammad bin Juma katika mambo ya utawala pia. Fundikira alipokufa, utemi ulishikwa na Mnywa Sele, naye akataka Waarabu walipe kodi kwa bidhaa zao. Wao walikataa. Vita ikatokea, Mnywa Sele akafukuzwa, na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Vita ile nisiieleze zaidi, maana ni habari ya peke yake.

Nirudi kwenye shamba. Tabora ilikuwa njia panda. Njia moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji, nyingine zilikwenda kaskazini mpaka Uganda na kusini kupitia upande wetu mpaka Ukonongo na Ufipa. Msafara ukifika ulivunjwa, wapagazi wakalipwa, wengine wakatafutwa. Watu hao walikaa majuma, pengine miezi, nao walikula kila siku. Kwa hiyo mwenye mpunga, mihogo, ngano na vitunguu karibu na Tabora alikuwa na mali kama mwenye pembe. Miembe mikongwe tunayoiona mpaka leo ni ukumbusho wa wakulima wale.

Sasa, nani alilima? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua. Mnyamwezi mwungwana hakukubali kulima shamba la mtu mwingine, kwa sababu alikuwa na kazi iliyo bora. Akibeba mzigo mpaka pwani alilipwa nguo, na aliporudi kijijini aliheshimiwa. Tena alikuwa na shamba lake mwenyewe. Basi mwenye shamba kubwa alitumia watumwa. Wengi wao walitoka Manyema na nchi nyingine za magharibi ya Ziwa Tanganyika, wakiwa wametekwa vitani au wameuzwa wakati wa njaa. Si wote waliofikishwa Tabora walipelekwa pwani. Wengi walibaki hapa hapa, nao walikuwa hasa wanawake na watoto. Walipewa jembe.

Mwezi wa Juni nilipokwenda likizo, mwalimu wetu wa Historia alikuwa ametuagiza tuchore mti wa ukoo. Nikakaa na babu yangu barazani. Yeye alizaliwa mwaka 1945, na kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yangu. Alinihesabia majina ya wanaume mmoja baada ya mmoja, bila kusita. Mmoja wao, babu yake, alikuwa mpagazi aliyefika pwani mara tatu. Nikaandika. Kisha nikauliza, “Na mke wake alikuwa wa ukoo gani?” Babu akanyamaza, akaniambia nikafunge mbuzi.

Jioni aliniita mwenyewe. Akasema, “Yule bibi alikuwa msese.” Msese ni mtumwa kwa lugha yetu. Nikamwuliza alikuwa mtumwa wa Mwarabu gani. Babu akanitazama akasema, “Mwarabu gani? Alikuwa wetu.”

Nakiri kwamba usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nimeandika daftari zima juu ya Ituru, nikiwahukumu watu wa Ituru. Babu alinieleza hivi. Wapagazi waliondoka baada ya mavuno, na ilipasa warudi kabla ya mvua. Lakini wengi walichelewa, pengine walikaa miaka miwili, na mashamba yao yakaota majani. Basi mpagazi aliyerudi na nguo na bunduki alinunua mtu wa kulima, ili safari nyingine isimharibie shamba. Yule bibi alinunuliwa angali msichana. Alilima mtama wetu na kuutwanga, naye yule mpagazi akaenda tena pwani. Aliporudi akamfanya mke, bila mahari, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kupewa mahari.

Babu aliniambia tena, “Baba yangu hakuwa na wajomba.” Wasomaji wengi watafahamu maana yake. Kijana akipata shida, akitaka kuoa, akigombana na baba yake, huenda kwa wajomba. Yeye hakuwa na mahali pa kwenda.

Basi hali hiyo haikuwa ya nyumba yetu peke yake. Wajerumani, ambao waliivunja boma ya mtemi Isike mwaka 1893, walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wa wilaya ya Tabora walikuwa watumwa. Hata hivyo hawakuufuta utumwa. Walitoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, wakati wa Waingereza, miaka ishirini na mitano baada ya Unguja. Baba yake babu alizaliwa mwaka 1910 hivi, kwa hiyo mtoto alikuwa huru miaka kumi na miwili kabla ya mama yake, nao wakilala nyumba moja.

Jambo jingine nililoliona ni hili. Ukoo wa Muhammad bin Juma naweza kuwaandikia ninyi mpaka kwa babu na babu yake, maana umo vitabuni. Watu waliolima Ituru hawamo. Kwetu Ipole vile vile, tunamjua mpagazi na safari zake tatu, lakini jina alilopewa yule bibi na mama yake mzazi hakuna aliyemwuliza. Aliitwa kwa jina alilopewa hapa.

Nilimwomba babu ruhusa ya kuandika habari hizi. Alifikiri siku mbili. Baadhi ya jamaa walisema haifai, watu watatucheka. Mwishowe akasema, “Andika, lakini majina yetu usiyatie.” Kisha akanichukua nyuma ya jiko akanionyesha jiwe la kusagia, limelika katikati likawa kama bakuli. Siku hizi kuku hunywa maji humo. Lilikuwa jiwe lake.