Kamari ya Mashine na Akili Aliyotupa Mwenyezi Mungu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na akamhalalishia vilivyo vizuri. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, tunakuusieni nyinyi pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maneno yetu ya leo ni juu ya kamari, na hasa kamari ya mashine. Tumeichagua maudhui hii kwa sababu wako watu wenye elimu, wakiwamo wanafunzi, wasemao kwamba mjinga ndiye aliwaye na kamari, ama mwenye akili hucheza kwa hesabu. Basi na tuitazame dini, kisha tuitazame hesabu hiyo, tuone akili yatuambia nini.

Neno kamari tumelipokea kutoka Kiarabu, qimar. Qur'ani imetumia neno maysir, na wanavyuoni wengi wamelinasibisha na yusr, yaani wepesi, kwa kuwa mchezaji huchukua mali ya mwenzake kwa wepesi, pasipo kazi wala jasho. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakichinja ngamia, wakagawa nyama mafungu, kisha wakapigiana kura kwa mishale 10: mishale 7 ina mafungu, na 3 ni mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu alilipa thamani ya ngamia na nyama asiipate. Walioshinda walikuwa wakiwapa maskini nyama ile na kujifakhirisha kwa ukarimu.

Ndipo Mwenyezi Mungu alipobainisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, kwamba katika ulevi na kamari yamo manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, akakata shauri: akaviita vitu hivyo uchafu na kazi ya shetani, akatueleza kwamba shetani hutaka kwavyo kututilia uadui na chuki, na kutuzuia tusimkumbuke Mwenyezi Mungu wala tusisali. Zingatieni, ndugu zetu. Nyama ile iliwafikia maskini kweli, na bado kamari imeharamishwa. Basi asitughuri mtu leo kwa kusema kwamba nyumba ya kamari hulipa kodi, huajiri vijana, au husaidia timu za mpira. Manufaa hayo yalikwisha pimwa kwa mizani ya Mola wetu, na yakaonekana mepesi.

Sasa tuje kwenye mashine. Katika jimbo la Nevada, huko Marekani, kamari iliruhusiwa kisheria mwaka 1931. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaanza kuenea huko mashine za poka, zenye kioo mfano wa televisheni. Mchezaji hutia fedha, hupewa karata 5, huchagua za kubaki nazo, nyingine hubadilishiwa, kisha mashine hulipa kwa kadiri karata zake zilivyopatana. Kwa kuwa yeye ndiye achaguaye, hudhani kwamba yeye ndiye atawalaye mchezo.

Siri ya mashine hii haikufichwa. Imeandikwa juu ya kioo chake. Katika aina moja iliyo mashuhuri, karata tatu za namba moja pamoja na jozi hulipwa mara 9, na karata 5 za aina moja, kama kopa tupu, hulipwa mara 6. Anayecheza mashine hiyo bila ya kosa hata moja atarudishiwa, kwa wastani wa michezo mingi mno, kiasi cha shilingi 99 na nusu katika kila shilingi 100. Mwenye nyumba akizibadilisha namba hizo mbili tu, 9 ikawa 8 na 6 ikawa 5, marejeo hushuka mpaka shilingi 97 na senti 30. Mashine haina haja ya kupunja. Hesabu yake yatosha.

Mtu atasema kwamba shilingi 2 na senti 70 katika mia ni kidogo. Lakini mashine haichoki, na mchezo mmoja humalizika kwa sekunde chache. Tuchukue mfano wa anayeweka shilingi 100 na kucheza mara 500 kwa saa moja. Shilingi 50,000 zimepita mkononi mwake, na kwa wastani 1,350 zimebaki ndani ya mashine. Kwa saa 4 ni shilingi 5,400, na hayo ni kwa mjuzi asiyekosea. Mwenye pupa, aliyechoka au aliyekwisha kasirika hupoteza zaidi.

Na tunda kubwa analolitazamia, yaani karata 5 za aina moja kuanzia kumi hadi ree, kwa mjuzi hutokea kiasi cha mara 1 katika michezo 40,000. Kwa mwendo wa michezo 500 kwa saa, hiyo ni kazi ya saa 80. Wala mashine haikumbuki kwamba mtu huyu ameketi tangu alasiri. Kila mchezo karata huchanganywa upya. Anayesema kwamba "imekaribia kutoa" anazungumza na chuma.

Yako pia maneno yanayopoteza. Mchezaji akipata jozi ya karata za picha, taa huwaka na huambiwa ameshinda, na hali amerudishiwa fedha yake ile ile. Akipata karata nne na ya tano ikakosekana, huona kwamba ameikosa bahati kwa unywele, na moyo wake humsukuma arudie. Natasha Dow Schüll, mwanachuo wa Marekani, alichapisha mwaka 2012 utafiti wake wa miaka mingi juu ya wachezaji wa mashine huko Las Vegas. Aliwakuta watu waliomkiri kwamba hawachezi tena ili washinde, bali wacheze tu wasikome, wakisahau dunia na waliomo. Mwaka uliofuata, 2013, chama cha matabibu wa akili wa Marekani kikaiweka kamari iliyomshinda mtu katika fungu moja na uraibu wa ulevi. Qur'ani ilikwisha viweka viwili hivyo pamoja tangu karne 14 zilizopita.

Lakini, ndugu zetu, tusidhani kwamba kamari imeharamishwa kwa sababu ya hasara tu. Lau mtu angepata mashine yenye kumpa faida, hukumu isingebadilika. Fedha ile ingetoka wapi? Haikulimwa, haikuvuliwa, haikushonwa wala haikufundishwa darasani. Imetoka katika mifuko ya waliopoteza: karo ya mtoto wa huyu na kodi ya nyumba ya yule. Huko ndiko kula mali za watu kwa batili. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake akaenda kukata kuni akauza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu. Seuze kuwanyang'anya kwa mchezo!

Mambo haya hayako mbali nasi. Mashine zimekwisha ingia katika vichochoro vyetu, na kamari nyingine imo ndani ya simu, ambayo mtu huishika hata kitandani. Wengine huziita michezo ya kubahatisha, lakini kubadilisha jina hakubadilishi kitu. Sheria za Tanzania na Kenya humkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na Uganda iliuweka mpaka kwenye miaka 25. Ikiwa sheria za dunia zinamchelea kijana, mzazi yampasa nini?

Kwanza, enyi wazazi, ulizeni chenji ya duka ilikokwenda, na msiwaachie watoto kucheza karata wala gololi kwa kuwekeana fedha, hata ikiwa ni senti. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha anayemwita mwenzake kwenye kamari atoe sadaka. Ikiwa mwito peke yake wahitaji kafara, kitendo chenyewe kikoje?

Pili, enyi wanafunzi, akili ya hesabu mliyopewa itumieni kabla ya kuingia mlangoni. Aliyeingia ndipo akaanza kupiga hesabu amekwisha chelewa.

Tatu, aliyekwisha tumbukia asikate tamaa, na jamaa zake wasimfanyie kejeli. Na atubu, aliache jambo hilo, ajute, na aazimie kutolirudia. Mali aliyoipata kwa kamari amrejeshee mwenyewe akimjua. Asipomjua, aitoe kwa maskini kwa nia ya kujivua nayo. Deni lake aliseme wazi kwa mkewe au kwa nduguye, kwani deni lililofichwa ndilo linalomrudisha mtu kwenye mashine, akitumaini kulilipa usiku mmoja. Na fedha za nyumba zishikwe kwa muda na mtu mwaminifu mpaka moyo wake utulie. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni watoto kulala na njaa.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Zihifadhi nyumba zetu na vijana wetu, na uwafungulie mlango wa toba waliotekwa na mchezo huu. Utusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote. Amin.