Mtoto akiacha somo huko Marekani: kwa nini msaada wa masomo hukatika



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alibaki kwenye benchi hadi watu wote wakatoka. Mkononi alishika telefone. Binti yake alitoka katika kambi ya wakimbizi huko Uganda pamoja na shangazi yake, wakapokelewa Marekani, na sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo. Siku ile alikuwa ametuma ujumbe mfupi: chuo kinamdai dola 1400, msaada wa masomo umesimamishwa, na mwezi huu hana kitu cha kutuma nyumbani.

Mama akatuuliza: "Pasta, si mlisema kwamba kule serikali inawasomesha? Sasa hilo deni limetoka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba pamoja naye, kisha tukaanza kuuliza ndugu zetu wanaosoma kule na kuzisoma kanuni zenyewe. Tuligundua kwamba jambo hili linazipata jamaa nyingi za kwetu, kwa kuwa Wakongo ni kati ya wakimbizi waliopokelewa kwa wingi Marekani katika miaka iliyopita, na vijana wao wamefika umri wa chuo. Kwa hiyo tunaandika hapa yale tuliyoyaelewa, ili mzazi aliye Goma, Uvira au Butembo ajue mtoto wake anatembea katika njia ya namna gani.

Msaada wenyewe ni nini?

Kwetu sisi, minervali inalipwa na jamaa. Mwanafunzi akiacha masomo katikati ya mwaka, hasara ni ya baba na mama. Hakuna ofisi ya serikali inayokuja kuhesabu siku alizokaa darasani.

Marekani ni tofauti. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965 iliweka msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wasio na uwezo. Sehemu inayojulikana sana ni ile inayoitwa Pell, kwa jina la Claiborne Pell, aliyekuwa seneta wa jimbo la Rhode Island. Pell si mkopo. Ni ruzuku, na mwanafunzi anayefuata masharti hairudishi. Kwa mwaka wa masomo 2024-2025 kiasi chake cha juu kilikuwa dola 7395. Mtu aliyepokelewa kama mkimbizi anaweza kuiomba kwa kujaza kila mwaka fomu inayoitwa FAFSA. Pamoja na ruzuku hiyo kuna pia mikopo ya serikali, na hiyo hurudishwa.

Pesa hizo hupitia chuoni. Chuo hukata kwanza malipo yake, na kinachobaki anapewa mwanafunzi kwa vitabu, chakula na nyumba. Ndiyo sababu kijana anaweza kuona dola mia kadhaa zimeingia katika konti yake mwezi wa tisa, akafikiri ni zake kabisa. Kumbe bado hazijawa zake zote. Anazistahili kidogo kidogo, kadiri siku za muhula zinavyopita naye akiwa darasani.

Neno krediti

Wanafunzi wetu wa mfumo wa LMD wanalijua neno krediti. Kwetu mwaka mmoja una krediti 60. Marekani hesabu ni nyingine: vyuo vingi vinahesabu krediti kama 30 kwa mwaka, na somo moja mara nyingi lina krediti 3. Kwa upande wa msaada, mwenye krediti 12 katika semestri moja anahesabiwa kuwa mwanafunzi kamili. Akiwa na krediti 9, anapata robo tatu za Pell yake. Akiwa na 6, anapata nusu.

Sasa tuangalie namna mbili za kuacha, kwa sababu haziko sawa.

Namna ya kwanza: kuacha somo moja na kubaki katika mengine

Mwanafunzi ana masomo manne. Moja linamshinda, labda hesabu au kemia, au saa zake zinagongana na kazi. Anaingia katika kompyuta, anabonyeza mahali pa kujiondoa, na somo linatoka. Hakuna anayemkemea. Lakini mambo matatu yanaanza kuhesabiwa.

La kwanza ni tarehe. Katika siku za mwanzo wa muhula, vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kubadilisha masomo bila alama yoyote kubaki. Siku hizo zikipita, somo aliloliacha linabaki katika karatasi yake na herufi W. Herufi hiyo haishushi wastani wa pointi zake, na kwa sababu hiyo vijana wanaambiana kwamba haina madhara.

La pili ni kiasi cha ruzuku. Kila chuo kina tarehe ya kuhesabu krediti za kila mwanafunzi. Aliyeacha somo kabla ya tarehe hiyo, akashuka kutoka 12 hadi 9, ruzuku yake inapunguzwa. Na kama kuna somo ambalo hakuhudhuria hata mara moja, pesa za somo hilo hurudishwa.

La tatu ndilo linalowaangusha wengi. Sheria inadai kila mwanafunzi anayepata msaada aonyeshe kwamba anasonga mbele. Chuo kinaangalia wastani wa pointi zake, na pia kinalinganisha krediti alizozianza na zile alizozimaliza. Kwa kuwa msaada una mpaka, yaani mwanafunzi amalize katika muda usiozidi mara moja na nusu ya krediti za masomo yake, vyuo vingi vinadai awe amemaliza kama 67 kwa mia ya krediti alizozianza. Herufi W inahesabiwa kuwa somo lililoanzwa na halikumalizwa.

Tuchukue mfano. Kijana ameanza krediti 24 katika mwaka. Masomo mawili yalimshinda katika mtihani, ni krediti 6. Amebaki na 18 kati ya 24, yaani 75 kwa mia. Bado yuko salama. Lakini kama katika mwaka huo aliacha pia somo moja la krediti 3, anabaki na 15 kati ya 24, yaani 62 na nusu. Somo moja tu limemvusha mpaka.

Vyuo vingi vinatoa onyo kwanza, na msaada unaendelea kwa muhula mmoja. Kama hesabu haijapanda, msaada unasimamishwa. Na ni msaada wote wa serikali kuu, si ule wa somo lililoachwa peke yake.

Namna ya pili: kuacha masomo yote

Binti wa yule mama alipitia njia zote mbili. Katika semestri ya kwanza aliacha somo moja, akamaliza krediti 9 kati ya 12. Hakuona shida. Katika semestri ya pili vita viliwafukuza mama yake na wadogo zake kutoka kijijini. Walilala katika shule, kisha chini ya turubai. Wakampigia telefone kila siku. Binti akachukua kazi ya usiku katika ghala ili awatumie pesa, na baada ya majuma machache akashindwa kuamka asubuhi. Aliacha masomo yote manne.

Mtu akiacha masomo yote, chuo kinapaswa kuhesabu siku. Sheria inasema hivi: ukiondoka kabla ya kupita 60 kwa mia ya muhula, unastahili tu sehemu ya msaada inayolingana na siku ulizokaa. Ukiisha kupita kiasi hicho, unastahili msaada wote wa muhula ule.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Muhula ulikuwa na siku 110, naye aliondoka siku ya 33, yaani 30 kwa mia. Alikuwa amepewa Pell ya dola 3600. Alizostahili ni dola 1080. Zilizobaki, dola 2520, zilipaswa kurudi serikalini.

Nani azirudishe? Chuo kilikuwa kimekata malipo ya dola 2000. Kwa hiyo chuo kilirudisha 70 kwa mia ya malipo hayo, yaani dola 1400. Lakini kwa upande wa chuo, malipo ya binti sasa yalikuwa na pengo la dola 1400, nacho kikamdai. Hapo ndipo deni lilipotoka. Sehemu nyingine, dola 1120, ingekuwa juu yake mwenyewe. Hata hivyo sheria inamkinga mwanafunzi: harudishi ila kile kinachozidi nusu ya ruzuku aliyopewa. Nusu ya 3600 ni 1800, na 1120 haikufika hapo. Kwa hiyo serikali haikumdai kitu.

Kama angevumilia hadi siku ya 67, deni hilo lisingekuwako. Lakini hesabu ya krediti isingebadilika: alikuwa ameanza 24 na kumaliza 9, hata 38 kwa mia haifiki.

Tuongeze onyo moja. Wako wanaoacha kuhudhuria bila kumwambia mtu, labda kwa sababu wamesafiri kwenda kwenye kilio. Wakipata sifuri katika masomo yote, chuo kinaweza kuwahesabu kama walioondoka katikati ya muhula, na deni linawafuata. Aliye na mkopo naye ajue kwamba akishuka chini ya nusu, yaani chini ya krediti 6, saa ya kurudisha inaanza kuhesabiwa. Kwa mikopo ya kawaida ya serikali anapewa miezi sita.

Je, kuna njia ya kurudi?

Iko. Chuo kinachopokea rufaa kinamruhusu mwanafunzi aliyesimamishwa kuandika barua. Sheria inataja ugonjwa au jeraha, kifo cha mtu wa jamaa, na mambo mengine mazito yasiyo ya kawaida. Barua inapaswa kueleza mambo mawili: ni nini kilichotokea, na ni nini kimebadilika sasa ili kisitokee tena. Wengi wanaandika la kwanza kwa machozi na kusahau la pili.

Hapa ndipo sisi wa nyumbani tunaweza kusaidia. Chuo huomba uthibitisho. Karatasi ya hospitali, cheti cha kifo, au barua ya kanisa inayoshuhudia kwamba jamaa ilikimbia vita tarehe fulani, inaweza kutumwa kwa picha na kutafsiriwa. Wachungaji wenzetu, mkiombwa barua ya namna hiyo, iandikeni upesi, mweke tarehe, na andikeni kweli tupu. Barua ya uongo inaweza kumharibia kijana kuliko kukosa barua.

Rufaa ikikubaliwa, mwanafunzi anapewa muhula wa majaribio au mpango wa kufuata. Ikikataliwa, anaweza kusoma kwa pesa zake mwenyewe hadi hesabu ipande.

Kabla ya kubonyeza

Kwa kijana anayesoma haya huko Marekani: kabla ya kuacha somo lolote, nenda kwanza katika ofisi ya msaada wa masomo, uulize maswali matatu. Leo ni siku ya ngapi ya muhula? Nikiacha somo hili, nitabaki na krediti ngapi? Na sehemu niliyomaliza itakuwa ngapi kwa mia? Umwone pia mwalimu. Pengine atakubali umalize kazi iliyobaki baada ya muhula. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuna gharama ya kuanza, na kuna gharama ya kuacha vilevile.

Kwa wazazi: msipige telefone chuoni mkitumaini kujibiwa. Sheria ya mwaka 1974 inalinda siri za mwanafunzi, na chuo hakitawaeleza habari zake bila ruhusa yake. Mwulizeni yeye mwenyewe. Na mwulizeni mapema, kwa upole, si siku ile tu mnapohitaji pesa.

Neno hili la mwisho ni gumu, nasi tunajiambia sisi kwanza. Vita vimetuzoeza kuwatazama watoto walio mbali kama ghala la jamaa. Hatusemi wasisaidie. Mama aliyelala chini ya turubai hakuwa na mwingine wa kumwita. Lakini kijana wa miaka ishirini anayepokea simu tatu kwa siku hawezi kusema, "Subirini hadi nimalize mtihani." Ataacha somo, na hatatuambia. Kama kanisa lingekuwa karibu zaidi na mama yule majuma yale, pengine simu zingepungua. Jambo hilo linatuuma.

Binti aliandika barua yake. Tulimtumia ushuhuda wa kanisa, na shangazi akatafuta mtu wa kuutafsiri. Chuo kilimkubali kwa muhula mmoja wa majaribio, baada ya kupatana naye alipe deni kidogo kidogo. Amechukua masomo mawili tu. Mama yake ametuambia kwamba siku hizi anampigia Jumamosi jioni peke yake, na swali lake la kwanza ni hili: "Mwanangu, masomo yanaendaje?"