Siku za Afya na Ujumuishi Vyuoni

Mwaka 1992 ndipo Shirikisho la Dunia la Afya ya Akili lilipoanzisha maadhimisho ya siku ya afya ya akili, tarehe 10 Oktoba, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 3 Desemba kuwa siku ya watu wenye ulemavu. Siku hizo zifikapo vyuoni hupambwa kwa hotuba na fulana, jambo la heri, ila mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, ambaye darasa lake liko ghorofani, hubaki chini akingoja wenzake wambebe, na yule aliyekosa usingizi kwa hofu ya mtihani na ada huona haya kubisha kwa mshauri, maadamu mlango umeelekea uwanjani, kila mpitaji akimwona. Enyi wakuu wa vyuo, jengeni njia ya mteremko kabla ya kuchapisha mabango, na ofisi ya mshauri ihamishieni penye sitara.